UZI: Kukarabati ndani ya boti ya faiba ya zamani (futi 26): tuanzie wapi, na vifaa kiasi gani?

MwambaoKunduchi (#1)

Wakuu, habari za humu. Boti ni ya faiba, futi 26, ya mwaka 1989. Ina kabini ndogo mbele, sakafu ya plaiwudi iliyofunikwa faiba, tangi la petroli la alumini lita 240 chini ya sakafu, na injini mbili za nje za hp 85. Nje jelkoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, bado inapendeza. Shida ziko ndani: sakafu inabonyea mbele ya kiti cha nahodha na tena karibu na tezi (nyuma ya boti), vitanda vya kabini vimeanza kuoza kwa chini, dirisha la kushoto linavuja, na waya zimeungwaungwa kwa tepu kila mahali.

Inapandishwa nchi kavu Kunduchi, Dar es Salaam, mwisho wa Machi na ninataka irudi majini Septemba, kusi ikianza kulegea. Fundi ameshauri tukate sakafu pale ilipobonyea tu, tupige kiraka, tupake rangi. Naomba mpangilio wa kazi na vipimo. Fedha ipo ila haitoshi kurudia kazi mara mbili.

---

FundiFaiba (#2)

Mkuu, kiraka kiache kwanza. Sakafu ya boti ya umri huo ikibonyea, maji yameshapita kwenye tundu za skrubu za viti yakaingia kwenye plaiwudi, na yakitoka hapo yanaenda kwenye stringa, ile mihimili miwili inayolala kuanzia omo (mbele ya boti) hadi tezi chini ya sakafu. Ukipiga kiraka juu ya stringa iliyooza, mwaka haupiti sakafu inabonyea pembeni ya kiraka chako.

Boti ikishapanda, kabla hujanunua hata kopo la resini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba), fanya vipimo vinne.

Kwanza nyundo ya plastiki. Gonga sakafu, stringa na transomu (ukuta wa nyuma unaobeba injini) kila baada ya sm 10. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Ikiwa butu, ama mbao imeoza ama faiba imeachana nayo. Weka alama ya chaki.

Pili, tundu. Chukua biti ya mm 6, uifunge tepu mm 20 kutoka nchani ili usipitilize. Toboa ubavuni mwa stringa, sm 3 juu ya sehemu ya chini kabisa, tundu tatu kwa kila stringa: karibu na tezi, katikati, na mbele. Angalia vumbi linalotoka. Likiwa jeupe na kavu, mbao ni nzima. Likiwa la kahawia, linanata kwenye biti na kunuka uvundo, mbao imekwisha. Transomu nayo itoboe kwa ndani, pembe mbili za chini, chini ya bolti za injini, na kando ya tundu la kizibo cha ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika. Hapo kwenye kizibo ndipo uozo huanzia mara nyingi, kwa sababu ncha ya mbao iko wazi nyuma ya kile kibomba cha shaba. Tundu zote utaziba baadaye kwa epoksi nzito (iliyochanganywa na unga wa kujazia).

Tatu, inua injini juu, kisha mtu mmoja abonyeze mguu wa injini kwa uzito wa mwili huku mwingine akiangalia transomu kwa ndani. Ikicheza hata kidogo kiasi cha kuonekana kwa macho, mbao ya ndani imekufa.

Nne ni povu la kueleshea boti, lile lililojazwa chini ya sakafu. Kata kipande cha sm 10 kwa 10 kwa 10, upime kwenye mizani ya jikoni. Povu zima la kueleshea boti huwa kama gramu 32 kwa ukubwa huo. Likifika gramu 150 na kuendelea limenywa maji, na halikauki ukiliacha humo ndani, hata jua liwe kali vipi.

---

KasiYaKipupwe (#3)

Naongezea kuhusu muda, maana wengi wanakosea hapo. Aprili na Mei ni masika. Ukimwaga resini kwenye mbao zenye unyevu, au mvua ikadondokea kazi mbichi, umefungia maji ndani mwenyewe.

Kwa hiyo gawa hivi. Aprili na Mei ni za kubomoa, kutoa tangi, kutoa povu, kusafisha ngama na kuacha boti ikauke chini ya banda lililo wazi pembeni. Turubai lililobana hadi chini linafuga unyevu. Wakati huohuo tengeneza paneli ya umeme na makochi, kazi za ndani ya nyumba. Faiba ipigwe kuanzia Juni, kipupwe kikiingia: mvua imekatika, hewa ni kavu zaidi na joto si la kuunguza. Asubuhi kuanzia saa 3, umande ukishakauka.

Halafu usinunue resini ya polyester mwezi Machi. Maisha yake ni miezi michache tu, na kwenye stoo ya mabati yenye joto yanapungua zaidi. Inunue wiki ya kutumia, uangalie tarehe kwenye pipa. Ukiona imeanza kuvuta kama ute wa bamia, iache dukani.

---

MwambaoKunduchi (#4)

Nashukuruni. Boti iko juu na vipimo vimefanyika. Stringa zote mbili: mbele na katikati vumbi jeupe, lakini nyuma, kama mita 1 na nusu kutoka transomu, ni kahawia na bichi. Transomu pembe ya chini kulia ina maji, pengine pakavu. Povu limepima gramu 310. Tangi lina madoa meupe ya unga kwa chini. Niokoe sehemu ya transomu au nibadilishe yote?

---

FundiFaiba (#5)

Gramu 310 maana yake kila lita ya povu imebeba zaidi ya robo kilo ya maji. Ukiwa na nusu mita ya ujazo humo chini, ni karibu kilo 140 unazozibeba bure. Toa lote.

Transomu badilisha mbao yote. Injini mbili za hp 85 hazifungwi kwenye mbao ambayo nusu yake umeibahatisha. Ila kabla ya kukata, pima na uandike unene wa transomu na kimo chake kutoka chini hadi pale injini zinapokaa. Ukikosea kimo, mguu wa injini hautakaa sawa na maji.

Kata ngozi ya faiba ya ndani, uache ukingo wa sm 5 kuzunguka, kisha chokoa mbao yote hadi uone ngozi ya nje. Usiiguse ngozi ya nje zaidi ya kuisugua kwa diski ya msasa namba 40. Mbao mpya: plaiwudi ya marini mm 18, karatasi mbili zilizounganishwa kwa epoksi, jumla mm 36. Paka gundi nzito (ile epoksi nzito) kwenye ngozi ya nje kwa mwiko wenye meno ya mm 6, sukuma mbao, bana kwa bolti zinazopita kwenye tundu za injini pamoja na mbao za kubania kwa nje. Kaza mpaka gundi itoke kidogo pembeni, basi. Ukikaza kupita hapo unaikamua yote na mbao inabaki kavu. Pembe zote zijazwe gundi nzito, uzipitishie mgongo wa kijiko zipate mviringo wa sm 2 au 3, kwa sababu faiba haikai kwenye pembe kali. Inainuka na kuacha hewa.

Stringa: fanya upande mmoja kwa wakati. Ukizing'oa zote mbili kwa pamoja, tumbo la boti linakaa kwa umbo la magogo lililolalia na halirudi tena. Magogo yawe mengi chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na mbavuni, na vuta uzi kutoka omo hadi tezi kabla na baada ya kukata, uone kama kuna kilichosogea.

Kata mbao iliyooza na uendelee sm 30 ndani ya ile nzima. Kiungo kiwe cha mshazari, urefu wake mara 8 ya unene. Mbao ya mm 36 inataka mshazari wa sm 29 hivi. Plaiwudi ni nzuri. Paini ya mashamba ya Sao Hill, Iringa, nayo inafaa ikiwa imekauka chini ya asilimia 15 na haina vifundo. Ilalie kwenye gundi nzito ya mm 4 au 5, isiguse faiba ya chini kavu kwa kavu, kwa kuwa pale inapogusa ndipo tumbo la boti hupasuka likipigwa na wimbi. Viringisha kona za juu. Faiba yake ni tabaka tatu: mati (nyuzi zilizotawanywa, zisizofumwa) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, kitambaa cha kufumwa cha gramu 600, kisha mati tena ya 450. La kwanza litambae sm 5 juu ya tumbo la boti, la pili sm 10, la tatu sm 15.

Kisha yale matundu ya kupitishia maji ya ngama kwenye stringa na mbao za kukingama. Karibu boti zote za zamani yamekatwa tu kwa msumeno na mbao ikaachwa wazi, na uozo ukaingilia hapo. Toboa tundu kubwa kidogo, gundisha kipande cha bomba la PVC la mm 25 likiwa limezamishwa kwenye epoksi, kisha kata kisawazishe.

---

MwambaoKunduchi (#6)

Na kiasi? Sakafu nitakayobadilisha ni mita 2.4 kwa 1.8.

---

FundiFaiba (#7)

Mati inakunywa resini mara mbili na nusu ya uzito wake. Kitambaa cha kufumwa kinakunywa uzito wake hivi.

Sakafu yako ni mita za mraba 4.32. Plaiwudi mm 12, karatasi mbili za futi 8 kwa 4. Chini tabaka moja la mati 450, juu mawili: 4.32 × 0.45 × 3 ni kilo 5.8 za mati, resini kilo 14.6. Ongeza ya kupaka mbao na kingo, weka kilo 20. Stringa mbili, faiba pekee inakula kama kilo 6 na nusu. Pamoja na gundi na kinachopotea andika 10. Transomu nyingine 10. Jumla kilo 40 ukitumia resini ya aina moja kila mahali.

Upande wa chini wa sakafu pamoja na kingo zake vipigwe faiba nje ya boti kabla ya kuifunga. Ukishaifunga hufiki tena, na chini ndiko mvuke wa ngama unakoshambulia.

---

ResiniNaHadina (#8)

Hapo kwenye resini ya aina moja sikubaliani na fundi. Polyester inashika vizuri kwenye polyester mbichi, lakini kwenye mbao na kwenye faiba iliyokauka tangu 1989 mshiko wake ni wa kawaida tu. Epoksi inashika zaidi sana. Bei yake ni mara kadhaa ya polyester, kwa hiyo iweke panapobeba uzito: transomu, viungo vya stringa, kulaza mbao. Sakafu piga polyester.

Lakini mambo matatu uyashike.

Ukishaweka epoksi, usitarajie polyester ishike vizuri juu yake. Epoksi juu ya polyester ndiyo njia salama. Panga tabaka zako kabla hujafungua kopo.

Mati ya kawaida imeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na stairini iliyo ndani ya polyester. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mati inabaki ngumu kama kadibodi na hailali. Kwa epoksi nunua kitambaa cha kushonwa au cha kufumwa.

Epoksi ikikauka kwenye hewa yenye unyevu hutoa utelezi juu, ukipitisha kidole unahisi kama mafuta. Uoshe kwa maji na dodoki la kusugulia, ufute, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu, na tabaka linalofuata litabanduka.

Uwiano wa epoksi ni ule ulioandikwa kwenye kopo, kwa mizani. Kuongeza hadina, yaani kigumisho, ili iwahi kukauka kunaharibu. Polyester ndiyo yenye nafasi: asilimia 1 hadi 2 ya hadina kwa uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa joto la Dar anza 10 hadi 12. Chini ya 10 usishuke, haitakomaa hata ikionekana ngumu. Changanya si zaidi ya kilo moja kwa mara moja, na uimimine kwenye trei pana. Ikibaki na kina kirefu ndani ya ndoo inajichemsha yenyewe, unaona moshi, ndoo inayeyuka.

---

BandaLaBoti (#9)

Hapo usalama usisahaulike. Baadhi ya resini zinauzwa bila kichocheo, unapewa chupa mbili: moja ya zambarau, yaani kobalti, na moja isiyo na rangi, ambayo ndiyo hadina. Mbili hizi zisikutane zenyewe kamwe, hata tone kwenye kikombe kimoja. Zinawaka au kulipuka. Changanya ya zambarau kwenye resini kwanza, koroga mpaka rangi iwe moja, ndipo hadina. Uliza dukani kama resini yako tayari imeshawekwa kichocheo. Ikiwa tayari, hiyo ya zambarau huihitaji.

Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani iwe usoni wakati wote, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ndani ya kabini vaa barakoa yenye chujio la mvuke, ile ya karatasi ni ya vumbi tu.

Na kabla ya kupiga diski kwenye faiba ya zamani, ifute kwanza kwa asetoni na kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Ukisaga kwanza, nta na mafuta ya zamani vinapigiliwa ndani ya mikwaruzo.

---

Umeme12V (#10)

Wakati sakafu iko wazi ndiyo nafasi pekee ya kupitisha waya vizuri. Toa zote. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai botini, mtikisiko unaukata. Tumia wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Ukichuna waya wa zamani ukakuta shaba imekuwa nyeusi, usikate mbele kutafuta penye uzima, weusi umepanda mbali ndani.

Viungo vibanwe kwa koleo lenye meno na vifunikwe kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Hakuna kiungo chini ya kimo cha maji ya ngama.

Saizi: pampu ya ampea 4, umbali mita 6 kutoka betri. Kwenda na kurudi ni mita 12. Waya wa mm² 2.5 unapoteza volti 0.34, chini kidogo ya asilimia 3 ya volti 12. Wa mm² 1.5 unapoteza 0.56, na pampu inazunguka kwa uchovu. Fyuzi iwe ndani ya sm 18 kutoka betri.

Pampu yenyewe: inayoandikwa galoni 1,100 kwa saa ni kama lita 4,160, lakini hiyo ni bila kupandisha maji na bila hozi. Ikishafungwa punguza thuluthi hadi nusu. Tundu la mm 25 lililo sm 60 chini ya maji linaingiza lita 60 hivi kwa dakika, yaani 3,600 kwa saa. Kwa hiyo weka mbili: ndogo chini kabisa kwa maji ya kila siku, kubwa sm 10 juu yake ikiwa na kengele. Swichi za kuelea ziungwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, zisipite swichi kuu, ili boti ikilala nanga na umeme umezimwa pampu ziendelee. Hozi iwe laini kwa ndani, ya mikunjo inapunguza mtiririko. Usiweke vali ya kuzuia maji kurudi, ikinasa takataka pampu inazunguka bila kutoa kitu.

Chochote cha umeme kinachokaa chumba kimoja na tangi la petroli kiwe cha aina isiyotoa cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia ngama.

---

KasiYaKipupwe (#11)

Tangi: ule unga mweupe ni kutu ya alumini. Limelala kwenye povu lenye maji ya chumvi, halipati hewa, linaliwa kwa vishimo. Litoe, liinue, kwaruza vishimo kwa bisibisi. Kikizama zaidi ya theluthi ya unene wa bati, tengeneza jipya, alumini 5083 au 5052, mm 4. Ukilipima, ziba njia zote, jaza hewa kwa pampu ya mkono hadi bar 0.2 tu, na upake povu la sabuni kwenye viungo. Usitumie kompresa ya gereji, inalivimbisha tangi kabla hujageuka.

Kulirudisha: lilale juu ya vipande vya plastiki ngumu vilivyogundishwa chini ya tangi kwa silanti (gundi ya kuzibia), hewa ipite pande zote, povu lisiliguse. Mikanda ya chuma cha pua iwe na mpira katikati. Hozi zote za mafuta ziwe zimechapwa ISO 7840 au A1-15, alama za hozi zinazohimili moto, pamoja na ile nene ya kujazia, ambayo watu wanaisahau kwa kuwa imejificha ubavuni.

---

BandaLaBoti (#12)

Kabini ni rahisi ukilinganisha na hayo. Dirisha likivuja, litoe lote. Kupaka silikoni juu kunahamisha maji tu, na rangi haitashika tena pale. Safisha fremu, panua tundu za skrubu kwenye akriliki kwa mm 2 zaidi ili lipate nafasi ya kutanuka juani, na utumie silanti iliyotengenezwa kwa plastiki, mfano Sikaflex-295 UV. Ile 291 ni ya mbao na faiba. Usikaze mpaka silanti yote itoke. Acha unene wa mm 3.

Plaiwudi ya vitanda, mm 9, epoksi mara tatu kwenye kingo, na tundu za mm 50 chini ya godoro ili hewa ipite. Zulia lililogundishwa ukutani litoe, lisirudi.

Koki za chini ya maji zikwaruze kwa kisu. Ukiona wekundu kama shaba badala ya unjano, zinki imeshaliwa na maji ya chumvi na koki itavunjika mkononi. Badilisha kwa bronzi.

---

MwambaoKunduchi (#13)

Swali la mwisho wakuu: povu jipya nirudishe au niache wazi?

---

FundiFaiba (#14)

Boti bila povu ikijaa maji inazama, kwa hiyo rudisha, ila si pale lilipokuwa. Chini ya sakafu lina kazi ya kunywa maji, na boti ikijaa linaweza kuigeuza tumbo juu. Liweke juu, chini ya kingo za mbavuni na nyuma ya viti, ambako ngama haifiki. Mita moja ya ujazo inaelesha karibu kilo 970, na usisahau kuhesabu injini, betri na mafuta. Kama boti inabeba abiria kwa malipo, muulize mkaguzi wa TASAC (shirika la serikali la Tanzania linalosimamia vyombo vya majini) kabla ya kuhamisha chochote.

Kabla ya kufunga sakafu, inua omo kidogo, mimina lita 20 za maji matamu mbele, na hesabu. Yote yafike kwenye pampu ndani ya dakika chache. Yanaposimama, jaza pale kwa gundi nzito mpaka yapite. Kisha weka rula karibu na kila waya na hozi, upige picha, na ukate milango ya ukaguzi yenye upana wa sm 20 juu ya geji ya tangi, juu ya pampu, na kila mwisho wa stringa. Tundu la mlango lipakwe epoksi mara tatu kwenye ncha za plaiwudi kabla ya skrubu ya kwanza.